Kuvu, jinzi na mali inayotuponyoka

Katika soko la Kongowea, jirani na Frere Town, suruali za jinzi za mitumba huuzwa kwa mafungu. Mnunuzi hukagua pindo na zipu, huigeuza nguo nje ndani, kisha huulizia bei. Aghalabu huvutiwa na ile iliyopauka mapajani na magotini, kana kwamba imevaliwa miaka kumi na fundi makanika. Wengi hudhani mpauko ule ni kazi ya jua na jasho la mwenyewe wa kwanza. Sivyo. Mara nyingi suruali hiyo iliondoka kiwandani ikiwa imekwisha kupauka, na kilichoipausha hakionekani kwa macho. Wataalamu hukiita kimeng'enya.

Msomaji anaweza kuuliza: mkaazi wa Kisauni, anayehangaika na bei ya unga na nauli ya matatu, ana haja gani na vimeng'enya? Ana haja kubwa. Mojawapo ya vimeng'enya vilivyofanya kazi hiyo ya kupausha jinzi, na ya kung'arisha nguo ndani ya sabuni za unga za Marekani, asili yake ni maziwa ya magadi ya Kenya. Kilitoka kwetu kikiwa tope ndani ya chupa, kikarudi kikiwa bidhaa. Jambo hilo lilizua mzozo miaka zaidi ya ishirini iliyopita, likatangazwa magazetini, kisha likasahauliwa na wengi. Laiti tungelitafakari vyema wakati ule, leo tungekuwa na la kusema juu ya milima ya taka za mimea inayooza kando ya masoko yetu, na juu ya ajira za vijana wetu wanaohitimu sayansi na kukaa bila kazi.

Kwanza tufahamu kitu chenyewe. Mwili wa kila mmea umeshikiliwa na nyuzi. Sehemu kubwa ya nyuzi hizo ni selulosi, yaani minyororo mirefu ya sukari iliyofungamana barabara hata tumbo la binadamu haliwezi kuifungua. Pamba ni takriban selulosi tupu. Katani, makumbi ya nazi, mabua ya mahindi na migomba vyote vina selulosi nyingi, ila imechanganyika na kitu kigumu kiitwacho lignini, ambacho ndicho kinachoufanya mti kuwa mti. Mmea unapoanguka na kuoza, haulainishwi na mvua peke yake. Kuvu na bakteria humwaga juu yake vimeng'enya ambavyo hufanya kazi mithili ya makasi. Kimoja hukata mnyororo katikati, kingine huutafuna kutoka ncha zake, na cha tatu hupasua vipande vilivyobaki hata ikapatikana sukari. Kuvu nayo hunyonya sukari hiyo ikashiba.

Katika kiwanda cha jinzi, makasi hayo hutumiwa kwa kiasi. Zamani suruali zilifuliwa pamoja na mawe mepesi ya volkano ili zipauke. Mawe yaliharibu mashine, yakachana nguo na kuacha mchanga mwingi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, viwanda vilianza kuweka vimeng'enya mahali pa mawe. Vimeng'enya hugugunda nyuzi za juu tu za pamba, rangi ya nili iliyoshika juu ikang'oka nazo, na nguo ikabaki nzima. Vilevile, katika sabuni ya unga, huondoa vinyweleo vilivyosimama juu ya kitambaa kilichochakaa, rangi ikaonekana mpya. Katika karatasi hupunguza kemikali za kung'arisha. Katika chakula cha mifugo humsaidia kuku kufaidi punje. Katika maabara humwezesha mtafiti kufungua ukuta wa chembe ya mmea bila kuiua. Ndiyo kusema kwamba hiki ni chombo cha kazi kama msumeno au cherehani, na mwenye kukimiliki hutoza kodi kwa kila anayekihitaji.

Kuvu iliyo mashuhuri kuliko zote kwa kazi hii ina historia inayofaa kusomwa na kila kiongozi wa Afrika. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, askari wa Marekani waliokuwa wakipigana katika visiwa vya Pasifiki walitaabishwa na adui asiyeonekana. Mahema yao, mikanda na sare za pamba zilioza upesi kupita kiasi. Idara ya jeshi iliyohusika na vifaa ikaanza kukusanya kuvu zilizokuwa zikila nguo hizo. Moja ilitolewa kwenye pamba iliyooza katika Visiwa vya Solomon, ikapewa namba QM6a na kuhifadhiwa. Lengo la awali lilikuwa kujua namna ya kuizuia. Lakini wanasayansi Elwyn Reese na Mary Mandels, katika maabara ya jeshi huko Natick, jimbo la Massachusetts, waliligeuza swali. Badala ya kuuliza itazuiwaje isile pamba, wakauliza inakulaje. Wakaifuga na kuichunguza kwa miaka mingi. Bei ya mafuta ilipopanda duniani katika miaka ya 1970, kuvu hiyo ikatazamwa upya kama njia ya kugeuza taka za mimea kuwa sukari, na sukari kuwa spiriti ya kuendeshea magari. Mwaka 1977 ikapewa jina Trichoderma reesei, kwa heshima ya Reese. Aina zinazotumiwa viwandani hivi leo ni kizazi cha kuvu ile moja.

Hapa kuna mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba jina lililobandikwa si la kisiwa wala la watu wake, bali la mtafiti. La pili, ambalo sisi hupenda kuliruka, ni kwamba Reese na wenzake walifanya kazi. Kuvu hiyo ilikuwako visiwani karne na karne ikila magogo, na ingeendelea kuyala. Iligeuka mali siku ilipoandikwa kwenye daftari, ikawekwa mahali pa baridi, ikafuatwa na watu waliolipwa mshahara kuiangalia kila siku kwa zaidi ya miaka thelathini. Mafunzo haya mawili hayana budi kwenda pamoja. Anayeshika la kwanza peke yake atabaki akilalamika kwamba ameibiwa. Anayeshika la pili peke yake atahalalisha kila unyang'anyi kwa kusema kwamba mwenye akili ndiye mwenye mali.

Tuje sasa kwetu. Kimeng'enya cha kuvu hii hupenda maji yenye ukali kidogo, mithili ya maji yaliyotiwa ndimu. Maji ya sabuni yana tabia ya magadi, na humo kuvu hii hushindwa kazi. Wenye viwanda walihitaji kimeng'enya cha namna ileile kilichozoea magadi. Penye magadi pengi ni Bonde la Ufa. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, wanasayansi wakiongozwa na William Grant wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walichota tope na maji katika maziwa ya magadi ya Kenya, yakiwemo Nakuru na Bogoria. Walichokipata humo ni bakteria, wala si kuvu, lakini kazi ni ileile ya kukata selulosi, na waliifanya katika hali ambayo kuvu ya Solomon haiistahimili. Kampuni ya Genencor ya Marekani ikavichukulia hataza vimeng'enya vilivyotokana na bakteria hao, ikatoa bidhaa za kupaushia jinzi na za kutiwa katika sabuni.

Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza kwamba lingedai sehemu ya faida. Hoja yake ilikuwa kwamba halikutoa idhini ya vijidudu kutoka katika hifadhi zake kuchukuliwa na kufanywa biashara. Upande wa pili ulijibu kwamba utafiti ulifanywa kwa vibali vya serikali ya Kenya. Inawezekana pande zote mbili zilisema kweli. Vibali vya utafiti vilitolewa na ofisi moja, hifadhi zilikuwa chini ya ofisi nyingine, na hakuna aliyekuwa amejiuliza itakuwaje iwapo chupa ya tope itazaa bidhaa. Mkataba wa Kimataifa wa Uanuwai wa Viumbe, uliotambua kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya rasilimali za jeni zilizomo mwake, ulitiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992, ukaanza kutumika mwishoni mwa mwaka 1993, na Kenya ikauridhia mwaka 1994. Kwa ufupi, ng'ombe alikuwa amekwisha kutoka zizini wakati seremala anapimiwa mlango.

Mlango, hata hivyo, ulitengenezwa. Mwaka 2006 Kenya ilitoa kanuni zinazomtaka kila anayetafuta rasilimali za jeni apate kibali cha NEMA na kukubaliana juu ya mgawo wa faida. Mwaka 2007 KWS ilitia saini mkataba wa ushirikiano na kampuni ya Novozymes ya Denmark juu ya vijidudu vya hifadhi zetu, uliokusudia pia kuwafunza wataalamu wa Kenya. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 69, inaitaka Serikali kulinda rasilimali za jeni. Itifaki ya Nagoya juu ya mgawo wa faida ilianza kutumika mwaka 2014, na Kenya ni miongoni mwa walioiridhia mapema. Mei 2024, huko Geneva, mataifa yalipitisha mkataba unaowataka waombaji wa hataza kutaja nchi ya asili ya kiumbe wanachokitumia. Hayo yote ni maendeleo, na waliopigania kila neno katika mikutano ya usiku kucha wanastahili shukrani.

Lakini ipo kasoro ambayo sheria za Nairobi hazikuianza wala hazijaimaliza. Tunaposema "mali yetu", sisi ni nani? Kandokando ya Ziwa Bogoria waliishi Waendorois, wafugaji waliokuwa wakilisha mifugo yao huko na kufanya ibada zao hapo. Katika miaka ya 1970 waliondolewa ili mahali pawe hifadhi ya wanyama. Kwa maneno mengine, kabla ya bakteria kuchukuliwa watu walikuwa wamekwisha kuhamishwa. Waliishtaki Serikali mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na uamuzi uliotangazwa Februari 2010 uliwapa haki. Kenya iliagizwa itambue umiliki wao, iwalipe fidia, na iwape sehemu ya mapato yatokanayo na shughuli za kiuchumi mahali hapo. Serikali inayodai mgawo kutoka Copenhagen au California haiwezi kuwa na uso mkavu wa kuunyima mgawo huohuo mji ulio umbali wa saa chache kutoka Nairobi. Watu wa Pwani, ambao wamezoea kuona ardhi na fukwe zikipimwa na watu wasiowafahamu, wanalijua jambo hili bila ya kufundishwa.

Kasoro ya pili ni ya wakati wetu. Siku hizi mtafiti hahitaji kubeba chupa ya tope kupitia uwanja wa ndege. Akishausoma mpangilio wa jeni za kijidudu, anaweza kuupeleka kwa kompyuta, na maabara iliyo upande wa pili wa dunia ikaunda jeni hiyo upya na kuitia ndani ya kuvu iliyofugwa. Jeni za Trichoderma reesei zenyewe zilichapishwa mwaka 2008 na yeyote anaweza kuzisoma. Mkutano wa uanuwai wa viumbe uliofanyika Cali, Colombia, mwaka 2024 ulikubali kuanzisha mfuko ambao kampuni zinazonufaika na taarifa za namna hiyo zinahimizwa kuuchangia. Msomaji alitazame neno "zinahimizwa". Mwenye kuhimizwa hutoa apendapo.

Frere Town yenyewe inaweza kutufunza jambo hapa. Kijiji kile kilianzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, kikapewa jina la Sir Bartle Frere. Paliwekwa kengele iliyopigwa kuwaonya wakaazi pindi wafanyabiashara wa watumwa walipokaribia, na hadi leo mahali pale panaitwa Kengeleni. Kengele ile ilikuwa lazima. Lakini kengele huonya tu. Hailimi shamba wala haisomeshi mtoto. Watu wa Frere Town hawakukaa chini wakaisikiliza kengele. Walilima, wakasoma, wakajifunza ufundi, na miongoni mwao wakatoka walimu na wahubiri waliofika mbali. Sheria za mgawo wa faida ni kengele yetu. Tumeitundika. Swali ni kazi gani inayoendelea chini yake.

Wapo watakaosema kwamba elimu hii ni ya wakubwa wa dunia na kwamba sisi hatuiwezi. Ajabu ni kwamba Pwani imeijua kwa vitendo kabla ya neno kimeng'enya kubuniwa. Tangu lini wanawake wa mwambao wamekuwa wakifukia makumbi ya nazi katika tope la pwani, wakayaacha miezi kadhaa, kisha wakayafukua, wakayaponda na kusokota kamba? Kinachotendeka chini ya tope lile ni kazi ya vijidudu, vinavyokula nyama inayoshikanisha nyuzi na kuziacha nyuzi zenyewe. Wanawake hao wanajua tope lipi linafaa na lipi linaharibu, na muda gani unatosha. Huo ni utaalamu, ingawa haujaandikwa.

Tazama pia Bamburi, maili chache kutoka Kengeleni. Kiwanda cha saruji kilichoanza mwaka 1954 kiliacha machimbo ya mawe matupu. Mwaka 1971 René Haller, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi hapo, alipanda mivinje katika machimbo hayo. Mivinje ilikua, lakini majani yake membamba yaliyoanguka yalikataa kuoza, na bila ya kuoza hapakuwa na udongo. Waliookoa jambo ni jongoo wenye miguu myekundu, wale wakubwa ambao watoto wa Mombasa huwachezea. Jongoo waliletwa wakayala majani, bakteria waliomo matumboni mwao wakaivunja selulosi, na kinyesi chao kikawa mbolea. Leo hapo pana msitu unaotembelewa na watalii. Wageni hao humpiga picha twiga, nao jongoo aliyemtengenezea twiga malisho wanampita.

Na kichuguu je? Mchwa wa vichuguu vikubwa hawawezi kuimaliza selulosi peke yao. Hulima shamba la kuvu ndani ya kichuguu, wakailisha majani makavu na vipande vya miti, nayo ikawalainishia chakula. Mvua inyeshapo, kuvu hiyo huchomoza juu ikiwa uyoga ule mtamu ambao kila mwanakijiji anaufahamu. Wanasayansi wa Kenya, akiwemo Profesa Hamadi Boga, wamewachunguza vijidudu vya tumbo la mchwa. Hatuna ukosefu wa viumbe, wala wa akili za kuvichunguza.

Tukivuka mpaka, tutakuta mfano ulio karibu zaidi na kuvu yetu ya Solomon. Katika mashamba ya mkonge, sehemu ndogo tu ya jani ndiyo huwa katani. Sehemu kubwa hutupwa ikiwa maji na makapi yanayonuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Amelia Kivaisi na Anthony Mshandete, wametumia miaka mingi kutafuta namna ya kuyageuza makapi hayo kuwa gesi ya kupikia na kuzalishia umeme, au kuoteshea uyoga wa kuliwa. Mwaka 2009, pamoja na Mutemi Muthangya, walichapisha matokeo ya jaribio la kuyatanguliza makapi ya mkonge kwa kuvu mbili, moja baada ya nyingine, kabla ya kuyatia katika mtambo wa gesi. Kuvu ya pili ilikuwa Trichoderma reesei. Gesi iliyopatikana iliongezeka. Huko Hale, mkoani Tanga, ulijengwa mtambo wa kuzalisha umeme kwa makapi ya mkonge, kwa msaada wa shirika la UNIDO. Kwa hiyo kuvu iliyookotwa Solomon na kufugwa Marekani imefanya kazi juu ya taka za Afrika Mashariki, mikononi mwa Waafrika.

Jambo hili linatugusa moja kwa moja. Nyali ya leo, yenye majumba na mahoteli, ilikuwa shamba la mkonge. Vipingo, upande wa Kilifi, mkonge ungali unalimwa. Kongowea kila siku hupokea malori ya kabichi, ndizi, mahindi mabichi na madafu, na kila jioni huachiwa majani, mikungu, maganda na makumbi. Taka hizo hupakiwa tena kwa gharama na kupelekwa jaani Mwakirunge, ndani ya Kisauni hiihii, ambako huoza ovyo na kuwatia kero majirani. Tunalipa kwa kuleta mmea mjini na tunalipa tena kwa kuutupa. Wakati huohuo viwanda vya nguo, vilivyoongezeka Mombasa baada ya Marekani kupitisha sheria ya AGOA mwaka 2000, huagiza kutoka ng'ambo kemikali na vimeng'enya vinavyohitajika.

Hapa inafaa kutahadharisha. Si kila ndoto ya selulosi imetimia. Kampuni ya DuPont, ambayo mwaka 2011 iliinunua Danisco iliyokuwa mwenye Genencor, ilifungua kiwanda kikubwa cha spiriti ya mabua ya mahindi huko Nevada, jimbo la Iowa, mwaka 2015. Mwaka 2017 ikatangaza kukiacha. Mabua ni mazito kusafirisha, lignini ni kaidi, na vimeng'enya vina gharama. Ikiwa kampuni tajiri kiasi hicho ilishindwa kupata faida, ole wake waziri atakayetuahidi kwamba kabichi za Kongowea zitaendesha matatu za Bombolulu. Ahadi za namna hiyo tumezisikia katika mambo mengine, na tunajua mwisho wake.

Lakini kati ya ndoto na usingizi ipo kazi ya kawaida. Ya kwanza ni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mahali ambapo methali hii inatimia kama hapa. Kanuni za mwaka 2006 zinamtaka mwenye kibali aache nchini nakala ya kila alichokusanya. Ni sharti zuri. Lakini nakala ya kuvu si nakala ya kitabu cha kuwekwa rafuni. Inataka mtungi wa baridi kali, umeme usiokatika, na mtaalamu wa kuipima uhai kila baada ya muda. Pwani ina Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kule Tudor na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi. Vyuo hivi vikabidhiwe rasmi hazina ya vijidudu vya mwambao: vya tope la mikoko, vya makumbi, vya vichuguu, vya misitu ya kaya. Kila kijidudu kiandikwe kimetoka wapi, lini, na kwa idhini ya nani. Siku ya mgogoro, ushahidi utakuwa kabatini mwetu badala ya kuombwa Leicester.

Ya pili ni kuanza na yaliyo rahisi. Vimeng'enya visivyosafishwa sana, vya kulainishia taka kabla ya kuzigeuza gesi au mbolea, vyaweza kupatikana kwa kuotesha kuvu juu ya pumba za ngano zilizotiwa maji kidogo. Pumba hizo zinatoka katika viwanda vya kusaga ngano vilivyo karibu na bandari yetu. Serikali ya kaunti, badala ya kulipia malori peke yake, itenge sehemu ya fedha hizo kwa mtambo mmoja wa majaribio pembeni mwa soko la Kongowea, wenye hesabu za wazi zinazobandikwa ukutani kila mwezi. Ukifaulu, uongezwe. Usipofaulu, tujue kwa nini, na wanafunzi watakaokuwa wameufanyia kazi watabaki na elimu yao.

Ya tatu ni masharti ya mikataba. Mtafiti wa kigeni anakaribishwa. Lakini pesa za mrabaha huja zikichelewa na aghalabu huwa chache, na hupotelea njiani baina ya ofisi na ofisi. Kilicho na thamani zaidi ni kumdai amchukue mwanafunzi wa hapa na kumfunza hatua zote, kutoka tope hadi hataza, na jina la mwanafunzi huyo liwemo katika orodha ya wavumbuzi. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Sisi tumetumia miaka mingi kujadili fungu letu la nyama bila ya kuuliza bei ya kisu.

Ya nne, na isiyo ya mwisho kwa uzito, ni haki ya wenyeji. Ikiwa tope la Mtwapa au msitu wa kaya utazaa bidhaa, mwanakijiji anayelinda mahali hapo awe na fungu lililoandikwa kabla ya chupa ya kwanza kujazwa. Waendorois walingoja kutoka miaka ya 1970 hadi mwaka 2010 kupata uamuzi. Pwani haina sababu ya kungoja kiasi hicho.

Wabunge wa mwambao na madiwani wa Kisauni watakapopitia makadirio ya fedha, wataona kifungu cha kuzoa taka na kifungu cha elimu ya juu vikiwa kurasa mbalimbali, kana kwamba havijuani. Waviweke mezani kwa pamoja. Vijana wenye shahada za baiolojia wako Frere Town, Mishomoroni na Mtopanga, na baadhi yao wanauza jinzi za mitumba pale Kongowea. Wanaweza kumweleza mnunuzi kwa ufasaha jinsi suruali ile ilivyopaushwa. Wanachosubiri ni mahali pa kuifanya kazi hiyo.